Una siku moja tu Dar? Anzia Feri, malizia kwenye dansi

Mleta uzi:

Wakuu, habari za wikendi.

Kila baada ya muda anatokea ndugu wa mkoani humu anauliza: "Nashuka Dar Ijumaa usiku, Jumapili asubuhi naondoka, nitembelee wapi?" Majibu huwa yaleyale. Anaambiwa aende kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi, ale kuku wa kwenye ndoo, apige picha kwenye ngazi za umeme, jioni ajisogeze Coco Beach. Sina ugomvi na kiyoyozi, hasa mwezi wa pili. Lakini mtu ametoka Kasulu, basi limemchakaza mgongo, halafu unampeleka kuangalia ngazi?

Mimi nasema Dar ni ya kutembea kwa miguu, na kipande chake kitamu si kikubwa: kutoka Feri mpaka Kariakoo, basi. Ukichoka unadandia mwendokasi. Na usiku wake umalizie kwenye bendi, uone watu wanapiga vyombo kwa mikono yao, siyo kijana aliyeinamia kompyuta. Wageni wangu wote nawazungusha njia hii. Wapo waliolalamikia jua. Aliyelalamikia chakula bado.

Twende.

Asubuhi, Feri. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshuka Kivukoni. Usivae raba nyeupe, maana sakafu ya soko la samaki ni maji, magamba na damu. Boti zinakuwa zimeingia na mnada unaendelea. Simama pembeni uangalie, usizibe njia ya wabeba tenga, watakupitia. Dalali ananyanyua nguru kwa mashavu, anataja bei ya kuanzia, na wanunuzi wanapandisha kidogo kidogo bila kelele nyingi. Mmoja anainua kidole tu, mwingine ananyanyua kidevu. Mgeni hawezi kujua nani kanunua mpaka aone samaki anaburutwa. Kuna changu, kibua, jodari, taa, pweza waliorundikwa kama nguo za kufua. Akina mama wanaokwenda kukaanga na kuuza mitaani ndio wakali kuliko wote: anafunua shavu la samaki aone wekundu wa ndani, anabonyeza tumbo, anatikisa kichwa, anaondoka. Dalali anamwita arudi.

Sasa ufanye hivi. Nunua changu wako wawili watatu, wapeleke kwa vijana wanaopara, ulipe, halafu uwapeleke upande wa wakaangaji. Pale kuna makarai makubwa, kuni zinawaka, moshi unakutoa machozi. Samaki anaingia kwenye mafuta akiwa hana kitu zaidi ya chumvi. Ukipewa, kamulia ndimu, pilipili pembeni, na uwe na chapati au muhogo mkononi. Hakuna hoteli ya nyota yoyote itakupa samaki aliyekuwa baharini jana usiku kwa bei ile. Kama samaki asubuhi humpendi, tafuta supu na chapati mbili, hazikosekani.

Ukiwa na muda vuka na pantoni kwenda Kigamboni ukarudi nayo hiyohiyo. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo sana, na mandhari ya jiji kutokea majini, makanisa ya zamani chini na maghorofa nyuma yake, ndiyo picha ya kumtumia mama nyumbani.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Unatoka Feri kwa mguu tu. Ilifunguliwa mwaka 1940, na ndiyo iliyotunza fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Wengi wanakimbilia fuvu, mimi napenda yale magari ya viongozi, ya enzi za magavana na ya Mwalimu. Uwanjani kuna kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Watoto wa juzi hawajui kama jambo lile lilitokea hapa. Pita pale, simama kidogo.

Kisha Mtaa wa Samora hadi kwenye sanamu ya Askari. Shaba tupu, iliwekwa mwaka 1927, kukumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza. Watu wanapishana nayo kila siku bila kusoma kibao chake, na kimeandikwa Kiswahili pia, kwa hati za Kirumi na za Kiarabu. Kusoma utasoma kwa mbali au kwa kukimbia, magari hayana huruma.

Shuka tena baharini. Kanisa la Azania Front, la Walutheri, vigae vyekundu, lilijengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902. Mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, nalo lilimalizika 1902. Halafu Boma la Kale, hili ndilo la Waarabu, la tangu 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said, alipoanza kujenga mji wake pembeni ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki 1870 na mji ukadorora mpaka Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Gusa ukuta wa Boma: ni mawe ya matumbawe, mazito, ndani kuna ubaridi hata saa saba mchana. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa dakika kumi umepita Sultani, Mjerumani na Mwingereza.

Napumzika, naendelea na mchana.

Mtoto wa Buguruni:

Mkuu umetisha. Ila uzi bila picha tunaupokea kwa masharti.

Shangazi wa Tabata:

Mwanangu hayo makarai ya Feri nayajua, na ule moshi haujaua mtu. Nyongeza kwa wanawake wenzangu: nendeni na khanga ya ziada na mfuko wenu mgumu. Harufu ya Feri ukiingia nayo kwenye mwendokasi watu wanakuachia siti peke yako. Faida nayo hiyo.

Niko Hamburg:

Wakuu salaam kutoka Ujerumani. Kuhusu masanamu, kabla ya huyo Askari wa Mwingereza, Dar ilikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, Wajerumani waliisimamisha kabla ya vita. Yeye yuko juu anatazama mbali, chini yake askari mweusi anatandaza bendera juu ya simba aliyekufa. Mwingereza alipoteka mji akaing'oa, ikapelekwa London, mwisho ikaja huku Hamburg na mwaka 1922 ikasimikwa mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wakaivuta kwa kamba mwaka 1967, ikarudishwa, mwaka 1968 wakaivuta tena, ikabaki stoo. Mwajua, nilikuja kujua habari za Dar nikiwa huku kwenye baridi.

Mleta uzi:

Niko Hamburg, ahsante sana, hiyo nondo ilistahili uzi wake. Mtoto wa Buguruni, simu yangu ina picha za samaki tu, vumilia.

Mchana, Kisutu. Hapa msinikatie tamaa, mkakimbilia hoteli. Mitaa ya Kisutu, Zanaki na Jamhuri ndiyo mitaa ya Wahindi wa mjini, na chakula chake ni cha mchanganyiko ambao huwezi kusema huu wa nani. Agiza mix, ambayo wengine mnaiita urojo. Angalia anavyoipanga: viazi vya kuchemsha chini, bhajia za dengu, kachori moja anaivunja kwa vidole, nyama ya mshikaki, yai nusu. Anamwaga ule uji wa njano wenye ukali wa embe na ndimu, juu anadondosha chatne ya nazi, pilipili, na mwisho anatupia chipsi nyembamba za muhogo. Hizo chipsi zinatakiwa zilie mdomoni. Ukichelewa kula zimelowa, umeharibu. Kwa hiyo mix haibebwi nyumbani na hailiwi huku unachati.

Anayetaka chakula kizito asubiri jioni, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, kuku wa mkaa wanachomwa nje barabarani. Meza zinawekwa kandoni, moshi wote unahamia kwenye shati lako, hakuna anayejali.

Mnazi Mmoja na Kariakoo. Kutoka Kisutu unapita bustani ya Mnazi Mmoja, unaona Mnara wa Mwenge, unaingia Mtaa wa Lumumba. Hapo Lumumba ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Baada ya hapo umeshaingia Kariakoo na mipango yako yote imekufa. Funga zipu ya begi, simu iweke mfuko wa mbele. Uhuru, Congo, Msimbazi, Swahili, Aggrey, Narung'ombe: kila mtaa una biashara yake, na kila mtaa una mtu wa kukuvuta mkono "njoo uone, kuona bure".

Jengo lenyewe la soko watu wanalipita kama ghala. Lilichorwa na Mtanzania, msanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, imetengenezwa hivyo ili ikusanye maji ya mvua na kuacha hewa ipite chini yake. Fikiria akili hiyo miaka ile, wakati leo tunajenga vioo vitupu halafu tunalalamikia bili ya umeme. Julai 2021 liliungua, na mimi niliumia kuliko nilivyotegemea.

Saa kumi jioni tafuta muuza kahawa. Utamsikia kabla hujamwona, anagonganisha vikombe. Kahawa chungu isiyo na sukari, kashata ya nazi au karanga mkononi, kaa kwenye benchi usikilize Simba na Yanga wakisemana. Hutalipa kiingilio. Ukitaka mwili upate nguvu za usiku, jua likizama wauza supu ya pweza wanajipanga, kipande kwenye kijiti na kikombe cha mchuzi. Watakuambia faida zake, wewe kunywa tu.

Mtu wa Kongowea:

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Hapa Mombasa pia tuna Askari wetu, wa miaka ileile, wako wanne wamesimama pamoja katikati ya mji. Kwa upande wa tumbo msitutishe, sisi tuna viazi karai na mahamri kwa mbaazi. Ila naomba uje kwenye muziki, kwani hiyo ndiyo Dar ninayoijua. Mbaraka Mwinshehe alifia huku kwetu Mombasa, ajali ya gari, Januari 1979. Marehemu babangu alikuwa akitaja siku ile kama msiba wa nyumbani.

Kijana wa Mburahati:

Mkuu, dansi ni la wazee. Ukitaka muziki wa Dar ya leo mlete mgeni singeli. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, MC anachana papo hapo, mtaa mzima uko juu. Umezaliwa hapahapa uswahilini, Tandale, Manzese, Mburahati. Huo ndio muziki wa moja kwa moja, siyo wazee waliokaa na magitaa.

Mleta uzi:

Kijana wa Mburahati, singeli siikatai, na MC mzuri anafanya kazi ngumu. Ila muulize mgeni kesho yake alikumbuka mstari gani. Dansi linakupa muda wa kuelewa unachochezea.

Usiku sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Bendi za dansi za Dar mbili kubwa ambazo hazijafa ni Msondo Ngoma na Mlimani Park, yaani Sikinde. Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikaishia jina la mtindo wake. Sikinde ilianza 1978, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mtu alikuwa anahama bendi kama anavyohama kiwanda: huku kuna magitaa mapya, anaondoka na mwimbaji mwenzake, mashabiki wanalia. Muhidin Gurumo, aliyetutoka 2014, aliimba NUTA, akaenda kuanzisha Sikinde, akapita Safari Sound, akarudi Msondo. Kwa hiyo hawa mnaorushiana maneno vijiweni Msondo na Sikinde, mnagombania watu walewale.

Ukumbi siutaji kwa makusudi. Bendi zinahama, leo Ilala, kesho Temeke, Jumapili mchana bonanza mahali pengine. Muulize dereva bajaji mwenye mvi. Atakuwa anajua.

Ukifika kaa upande wa wapuliza tarumbeta. Wimbo unaanza taratibu. Waimbaji wamesimama mstari mmoja, hawarukiruki, wanasimulia kisa: mume aliyesahau nyumbani, rafiki aliyefitini kazini, ndugu wanaogombea mirathi. Beti baada ya beti, na watu wamekaa wanasikiliza kama wako barazani. Gitaa la rizimu linatembea chini, solo linajibu kila mstari. Ukumbini utamwona mama wa makamo anaitikia kwa kichwa, kisa kimemgusa. Halafu mpiga drams anavunja, waimbaji wanarudi nyuma hatua moja, na wimbo unaingia kwenye chemka. Hapo solo na magitaa yote yanazunguka palepale, besi inapanda, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja kama zimekasirika. Yule mama aliyekuwa anaitikia kwa kichwa keshavua viatu. Wazee wanacheza kidogo sana, bega na kiuno tu, mguu hauinuki sakafuni, na hapo ndipo utajua nani amelelewa kwenye dansi. Anayetaka kutunza anakwenda mbele pole pole, noti mkononi, akihakikisha ukumbi wote umeiona.

Sijaona starehe nyingine jijini ambapo bosi, fundi gereji na mjomba wake wanacheza duara moja.

Mzee wa Zilipendwa:

Mjukuu umesema kweli, lakini usisahau bendi za majeshi. Polisi Jazz na mtindo wao wa Vangavanga, Mwenge Jazz ya jeshi na Paselepa, JKT na Kimulimuli. Na Wakongo pia waliokuja wakakaa, Maquis na Kamanyola Bila Jasho. Wale walitufundisha kuvaa. Ukienda ukumbini na kaptura enzi zile hupiti mlangoni. Halafu kila bendi ilikuwa na mtindo wake, ukisikia gitaa tu redioni unajua ni nani kabla mtangazaji hajasema. Sasa hivi nawasha redio najua ni kompyuta.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee. Nilijua utakuja.

Shangazi wa Tabata:

Mimi nina wajukuu, usiku wa bendi siwezi. Unatushauri nini?

Mleta uzi:

Shangazi, nenda Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, Barabara ya Bagamoyo. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, watoto wanaingia ndani kabisa, na wikendi mchana huwa kuna ngoma zinapigwa. Ulizia ratiba kabla hujatoka. Jioni ndiyo uwapeleke Coco kwa mihogo ya kukaanga na mishikaki. Unaona, sikuikataa Coco, niliikataa kuwa siku nzima.

Mtoto wa Buguruni:

Swali la kizushi mkuu: Msondo au Sikinde?

Mleta uzi:

Sikinde. Tusifungue vita humu.

Mzee wa Zilipendwa:

Msondo. Vita umeshaifungua.

Mgeni kutoka Songea:

Nimeuhifadhi uzi, nashuka mwezi ujao. Tangazo la bendi likisema saa mbili usiku nifike saa ngapi, na kurudi kwa usalama ikoje? Gesti yangu ni Magomeni.

Mleta uzi:

Karibu sana ndugu. Saa mbili utakuta wanaunganisha nyaya na mtu anasema "halo, halo, moja mbili" kwenye spika. Muziki wenyewe utakolea saa nne. Lakini wewe nenda hiyo saa mbili, upate meza ya mbele, agiza kuku na ndizi za kuchoma, maana jiko likizidiwa saa tano utasubiri mpaka ukate tamaa. Kiingilio weka mfuko tofauti na hela ya kurudia. Kutoka ukumbini usitembee gizani kutafuta usafiri, agiza bajaji kwa programu ya simu au mwambie mhudumu akuitie anayemfahamu, bei mpatane kabla hujapanda. Magomeni ni karibu. Na Jumapili asubuhi, kama basi lako ni la saa nne, una muda wa kupita nyumba ya Mwalimu pale pale Magomeni, Mtaa wa Ifunda, kama utakuta wamefungua.

Mgeni kutoka Songea:

Basi langu ni la saa kumi na mbili alfajiri.

Mleta uzi:

Basi usilale. Toka kwenye bendi, pitia chipsi mayai, nenda stendi moja kwa moja.